Mlima Alikwenda kwa Mama Yake

Shule nilifika darasa la tatu, nikatolewa kwenda kuchunga ng'ombe wa baba, na sitaki mtu anionee huruma, ng'ombe wale walikuwa wazuri. Nasema mapema ili ukikuta nimeandika mlima alikasirika, mlima alikohoa, usitafute kalamu nyekundu. Mwenye ruhusa ya kunisahihisha ni mmoja tu, mke wangu, na sasa hayupo. Ana miezi miwili na siku kadhaa upande wa Kenya, kwa dada yake mkubwa aliyevunjika nyonga. Dada huyo ndiye aliyemlea. Mimi niko hapa Busia, upande wa Uganda, pamoja na kuku wake, na kwa wiki nyingi sikujua kama atarudi.

Lakini nianze na mlima.

Zamani nilibeba watu kwa baiskeli kuvuka mpaka, kutoka geti la huku hadi geti la kule. Kabla ya hapo nilichimba dhahabu Tiira. Dhahabu sikupata, nilipata maumivu ya mgongo. Abiria wangu mmoja alikuwa msichana wa upande wa pili aliyekuja kuuza sufuria. Alizifunga kwa leso, moja ndani ya nyingine, na kwa barabara ile ya mashimo zilipiga kelele mpaka mbuzi walitupisha njia. Niliona aibu, kana kwamba kelele ni zangu. Nikaanza kumsimulia habari ili asizisikie.

Nikamwambia kuna nchi isiyo na geti hata moja, na katikati yake kuna mlima. "Mlima yule ana mama," nikasema.

"Mlima ule una mama," akasema yeye.

"Ndiyo, anaye."

"Nakusahihisha, kaka. Mlima una. Mlima si mtu."

Sisi huku tulisema tu, mradi mwenzako ameelewa. Mtu anaanza na m, mlima anaanza na m, nilidhani ni ndugu. Ila aliposema si mtu, niliona nikikubali, habari yangu inakufa palepale, maana mlima usio mtu utaongeaje? Nikamjibu, "Huyu wangu ni mtu. Shika sufuria."

Basi akawa mtu kwa ubishi wangu tu. Maneno mengine yote mke wangu amenirekebisha miaka na miaka, hilo moja nimemnyima.

Watu huniuliza kama ni ule mwamba wa Tororo. Siyo. Ule nimekaa chini yake mara nyingi nikinunua vitunguu na haujawahi kunisemesha. Unaona, huo nimeuandika sawasawa.

Mama wa mlima wangu alikuwa shimo. Hilo nililiona Tiira: kila rundo la udongo lina shimo lake kando, limetoka humo. Mlima alitoka kwa mama yake akiwa mdogo kama kichuguu, akakua, akaondoka kutafuta maisha. Watu wakahamia mgongoni mwake. Hakuwadai kitu, alitaka walime tu, kwa sababu mlima huwashwa, na jembe ndilo humkuna. Mwaka mmoja watu walizembea, akawashwa mpaka akajisugua kwa mlima jirani, na nyumba za upande huu zikahamia upande ule, moto bado unawaka jikoni.

Safari ya geti hadi geti ni fupi. Kila siku alishuka akilalamika, "Umeniacha juu ya mlima tena." Kesho yake, baiskeli zimepangana pale, alizipita zote akaja kwangu. Wenzangu walisema huyo hapandi baiskeli, anapanda mlima.

Siku niliyomwomba aje tuishi upande huu, aliuliza, "Mlima wako ulipoondoka, mama yake alibaki na nani?"

Sikuwa nimefikiria. Nikasema, "Anarudi kumwona akitaka."

"Na watu wa mgongoni?"

"Wanashika mapaa ya nyumba zao."

Alicheka sana, na katika kucheka akakubali. Nilidhani nimetunga hadithi. Kumbe nimetoa ahadi.

Simu ya nyonga ilipokuja, alifunga mzigo bila kuniuliza. "Mlima unaenda kwa mama yake," alisema. "Wewe mzee shika paa." Nilidhani ni wiki mbili.

Baadaye dada yake alimwomba abaki kabisa. Ana chumba cha bure na shamba, na watoto wake wote walikuwa mbali. Hayo niliyasikia kwenye simu, dada mwenyewe akisema kwa nyuma, "Mwambie huyo wa baiskeli hapa kuna nafasi." Hakusema nafasi ya nani.

Wiki iliyopita mke wangu akanipigia asubuhi, akauliza, "Huo mlima ulifika kwa mama yake. Halafu?"

Miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia. Nilitamani kusema watu wa mgongoni walilia, wakakonda, wakamwita arudi. Ningeweza, mlima ni wangu. Lakini niliwaza nyonga ya yule aliyemlea. Nikasema mlima alimkuta mama yake amejaa maji, akakaa kando yake akimpa kivuli, na watu wa mgongoni walijifunza kupika wenyewe. "Anaweza kukaa," nikasema. "Hakuna atakayemlaumu."

Nikasikia kuku wa kule, wakajibiwa na wa huku.

"Unawapa nini?" akauliza.

"Mahindi."

"Yaliyosagwa?"

"Mazima."

"Na vifaranga?"

Nikachungulia uani.

"Mzee, vifaranga?"

"Wanajitahidi," nikasema.

Jana akapiga tena. Dada ameanza kutembea kwa fimbo, na tangu asubuhi anagombeza kila mtu, kwa hiyo amepona. Binti yake wa mwisho amefika, atakaa naye. Nilimsikiliza mpaka mwisho, ndipo nikauliza, "Na mlima?"

"Mlima anarudi Jumamosi," akasema.

Nilingoja ajisahihishe. Hakujisahihisha.

Leo ni Ijumaa. Nimesaga mahindi ya vifaranga.