Mimi Ndiye Niliyemzulia Uchawi, na Kauli Yangu Siifuti

Admin, nifichie jina, ila kisa usikipunguze hata neno. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, nina mume na watoto watatu, tunaishi huku Hombolo, Dodoma. Nimeokoka, huu ni mwaka wa sita. Najua wapo watakaonitukana kwenye komenti. Tukaneni tu, wiki hii nimeshazoea.

Kabla sijaokoka nilikuwa nakaanga samaki wa bwawani, pale magari yanaposhushia abiria. Jirani yangu wa biashara alikuwa mama mmoja mjane, mtu mzima, nitamwita Mama Tumaini ingawa si jina lake. Samaki wake walikuwa wazuri kuliko wangu, nasema ukweli. Watu wanashuka kwenye gari wananipita mimi wanaenda kwake, "Mbukwa mama," wanamsalimia kwa Kigogo, wanacheka naye, wananunua. Mimi nakaa na perege wangu wanapoa. Nikamwonea wivu.

Yule mama macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi. Miaka na miaka anainamia kuni. Nilijua kabisa ni moshi, maana hata yangu yalikuwa yameanza. Siku moja mtoto wa mteja wetu akaugua ghafla, mama yake akaja kunisimulia. Nikamsogelea nikamwambia, "Dada, yale macho ya yule mama, wewe unaona ni ya moshi?"

Basi. Sikusema zaidi ya hapo, maana huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu huitwa mchawi. Mtoto alikutwa na malaria, akatibiwa, akapona, lakini neno langu lilikuwa limeshaondoka. Wateja wakamkimbia. Msibani akikaa, wenzake wanahama jamvi. Mkwe wake akawakataza wajukuu wasikanyage kwake. Akaacha biashara, akajifungia ndani. Mimi nikauza samaki peke yangu na wala sikulia.

Kisha Yesu akanipata. Nililia sana siku ile, nikaacha pombe na umbea, nikaingia kwaya. Nikawa mwepesi kweli, nalala usingizi. Nikadhani nimemaliza.

Mwaka huu akina mama wa kanisani tukaanza huduma ya kutembelea wagonjwa. Katibu akasoma majina, akafika kwa Mama Tumaini, kwamba ameanguka, amevunjika nyonga, hana mtu wa kumtunza. Mmoja akasema, "Yule hapana jamani, tuna watoto wadogo." Nikanyoosha mkono. Nikasema nitaenda mimi.

Nilimkuta amelalia upande mmoja, mgongo una vidonda. Nikachemsha maji, nikamwogesha, nikamfulia, nikampikia ugali wa uwele na mlenda. Nikawa naenda kila siku asubuhi. Wiki ya tatu nikashindwa kuendelea kunyamaza. Nikapiga magoti nikamwambia, "Mama, lile neno la uchawi lilianzia kwangu. Nilijua ni uongo."

Akasema, "Toka."

Kesho yake nikarudi. "Nilikuambia utoke."

"Nitatoka mama, nikimaliza kukuogesha."

Akaniacha nimwogeshe, lakini nilipokuwa namfunika akasema neno ambalo halijaniacha nipumzike mpaka leo: "Huko ulinisema mbele za watu. Msamaha unakuja kuniomba tuko wawili?"

Nikaenda kwa mzee wetu wa kanisa. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba Jumapili nataka kusimama nitubu hadharani. Akakataa. "Binti yangu, Mungu alishakusamehe, yaache yaishe. Utalitia kanisa aibu." Nikamjibu, "Wewe nakuheshimu mzee, lakini mimi nimesamehewa na yeye bado anaitwa mchawi. Huo uhuru wangu ni wa namna gani?" Nyumbani mume wangu akasema nikifungua mdomo nisimtambue kama mume.

Jumapili, muda wa ushuhuda, nilisimama. Nilisema yote, yale macho, ule wivu, na yule mtoto kwamba ilikuwa malaria. Nikasema, "Mama Tumaini si mchawi. Mwongo ni mimi." Mpiga kinanda akaondoa mikono kwenye kinanda.

Kwaya wamenisimamisha. Sokoni naitwa mzushi, na hapo sina la kubisha. Mume wangu hali chakula changu siku ya nne leo, na ndugu zake wamekuja. Yeye na mzee wa kanisa wamekubaliana kwamba Jumapili ijayo nisimame tena niseme nilichanganyikiwa, sikujua ninachosema, na nisiende tena kwenye ile nyumba. Nikikataa, nifungashe virago.

Sijachanganyikiwa. Nilichanganyikiwa zamani, nilipokuwa naimba sauti ya kwanza huku mtu anaoza mgongo kwa sababu yangu. Leo asubuhi nimeenda kumwogesha kama kawaida. Hajaniambia amenisamehe, na simdai. Tukiwa ndani ikabishwa hodi mlangoni, nikaona ni yule dada aliyesema "yule hapana". Ameshika bakuli la mlenda, mgongoni ana mtoto wake mchanga. Akaamkia, akakaa chini, akamlaza mtoto pembeni ya Mama Tumaini amshike, kisha tukaizunguka sahani moja. Mama Tumaini alimshika yule mtoto kwa mikono miwili, hakula chochote, alikuwa anamtazama tu.

Kwa hiyo msinishauri kufuta kauli, hilo halipo. Msiniambie niache kwenda. Mume wangu nampenda, tunazeeka pamoja, na watoto wananiangalia. Nataka kubaki na ndoa yangu bila kurudi kwenye ule uongo. Waliowahi kupita hapa, mlisema nini na waume zenu? Niambieni kabla ya Jumapili.