Kikosi cha Wataalamu

Mamlaka inapenda kuujulisha umma kwamba kijana yeyote aliyezidiwa na kamari atasikilizwa kwa simu saa yoyote na kikosi cha wataalamu. Kikosi chenyewe ni dada mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye husugua meza kwa kidole gumba kila mpigaji anaponyamaza. Jana kijana mmoja alimwambia kwamba kubeti kumemmaliza, na viatu amemwachia mdogo wake wa darasa la tatu kwa kuwa yeye hatavihitaji tena.

"Namba ngapi?"

"Nane."

"Vitampwaya huyo, kaka. Kamwombe akurudishie, nasubiri hapa hapa."

Alisugua meza dakika arobaini, mpaka aliposikia mtoto akigoma, "Si ulishanipa?" na kaka mtu akianza kubembeleza. Simu ya kikosi ni moja. Wengine waliopiga waliambiwa inatumika.