Siku Tepu Alipoweka Mkasi Chini

Binti yangu hakunyang'anywa kazi ya sare za wauguzi. Aliigawa mwenyewe, kwa simu, kwa sauti iliyotulia, nami nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka aliposimama. Naandika haya kwa sababu maneno yamezunguka mtaani mpaka yakafika mezani kwangu, yakiletwa na jirani wa ghorofa ya chini, aliyepanda ngazi zote akihema ili kunipa pole ambayo sikuiomba. "Nasikia vile vitu vimempanda tena," aliniambia. Hakuna vitu. Kuna ugonjwa, una jina, na unatibiwa na watu waliousomea.

Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa. Marehemu mume wangu alikuwa mpima ardhi, na uhai wake wote hakuna aliyelitaja jina letu kwa kunong'ona. Sitakubali lianze kunong'onwa sasa kwa jambo lisilo na aibu.

Wateja humwita Tepu, kwa ile tepu ya kupimia isiyotoka shingoni mwake. Hata siku ya kupiga picha ya pasipoti nusura aingie nayo. Ana duka la vyumba viwili kando ya duka la fotokopi: mbele kuna meza ya kukatia na kioo kirefu, nyuma kuna cherehani tatu na overloki moja, ya kuzuia kingo za kitambaa zisifumuke, inayopiga kelele kama ina ugomvi na mtu. Anashona sare, suti za kike na magauni. Kola yake hukaa shingoni kama imezaliwa hapo.

Alikuwa na miaka ishirini na saba ugonjwa ulipojitokeza. Kwa siku moja alikata majora matatu ya kitambaa cha sare za shule bila kuchukua kipimo hata kimoja, akaanza kushona makoti ya watu aliowaona wakipita dirishani. Aliongea bila kituo. Hakula, hakulala, na alikuwa na furaha iliyotutisha. Wiki chache baadaye alikuwa kitandani ameelekea ukutani, na kuchana nywele tu ilikuwa kazi ya siku nzima. Daktari alituambia ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Hospitalini wanauita baipola. Akampa dawa.

Dawa zilimsaidia, na sitamsikiliza mtu anayezibeza. Lakini kila alipokaa sawa miezi minane au tisa, aliziacha. "Mama, nimepona, za nini tena?" Nami nilifurahi kuona kichupa kimeondoka kabatini, maana wageni wana macho. Alirudi wodini mara mbili.

Baada ya mara ya pili daktari alisema dawa peke yake hazitoshi. Alihitaji pia tiba ya mazungumzo, kila wiki, na mtaalamu wa saikolojia. Mimi nilidhani ni mawaidha, na mawaidha nayajua, nimeyatoa mbele ya mistari ya wanafunzi kila Jumatatu. Siku ya kwanza niliongozana naye. Tukamkuta mshauri, mwanamke mdogo kwa umri kuliko binti yangu, na daftari lake magotini.

"Dada, usingizi ukoje?" akamuuliza Tepu.

"Analala vizuri," nikajibu.

"Na kazini?"

"Kazi yake anaipenda mno."

Mshauri akaweka kalamu chini. "Samahani, Mama. Huyu mwenzetu ana mdomo?"

Tepu alicheka mpaka akajishika mbavu. Tangu siku ile nilikaa nje, kwenye benchi la korido, nikisoma mabango ya ukutani na kuona makosa ya tahajia ambayo hakuna aliyenituma kuyasahihisha.

Waliyokuwa wakizungumza mle nimeyajua kwa kadiri alivyopenda kunieleza. Alisema walirudi nyuma, wiki kwa wiki, kama mtu anayefumua mshono kutafuta uzi ulipoanza kuvuta. Wakagundua kila mara ilianza vilevile: kazi kubwa, usingizi unakatwa kidogo kidogo, kisha dawa zinaachwa kwa sababu mwenyewe anajiona ana nguvu za ajabu. Mshauri hakumgombeza kuhusu dawa. Alimuuliza zinamnyima nini. Tepu akasema, "Kasi. Nikizimeza najiona nashona na glavu mikononi." Hilo hakuwahi kumwambia daktari, wala mimi. Mshauri akamhimiza alifikishe kwa daktari, daktari akarekebisha kipimo, na mpaka leo ni mwaka wa tatu Tepu hajaziacha.

Pia alitakiwa kuandika kila asubuhi hali yake kwa namba, moja mpaka kumi. Akakataa. "Mimi na kumi hatujuani. Nipe tepu." Basi wakatumia tepu. Tepu ina sentimita mia na hamsini; sabini na tano, katikati, ndiyo hali ya sawa. Chini ya hamsini anazama, juu ya mia anaruka. Wakaandika karatasi ya makubaliano: akizidi mia siku mbili mfululizo, au akilala chini ya saa tano siku mbili mfululizo, anaweka mkasi chini na kupiga simu kliniki. Na kwa kuwa anayeruka huwa hajioni, alitakiwa achague mtu wa kumwambia. Hakunichagua mimi. Alimchagua Mama Pacha, anayekaa kwenye overloki, mama wa mapacha kweli na mwanamke asiyeogopa mtu. Liliniuma, na nililimeza.

Mwezi uliopita chuo cha uuguzi kilimpa Tepu sare sitini za mahafali, nyeupe, za kola ya kusimama, zikamilike kwa siku kumi na mbili. Nilifurahi kuliko yeye. Niliona kazi ile itafunga midomo yote. Nikawa naenda dukani kila asubuhi na chupa ya chai.

Siku ya tatu nilimkuta ameshafika kabla ya wafagiaji wa barabara. Meza ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe, naye anaongea haraka, wazo juu ya wazo. Kila muuguzi atakuwa na mfuko uliodariziwa ua lake mwenyewe. Maua sitini, hakuna mawili yanayofanana. Uso wake uling'aa. Alikuwa mzuri kumtazama.

Mama Pacha akaizima overloki. "Fundi, leo ngapi?"

"Mia na kumi! Kwani kuna ubaya?"

"Na jana?"

"Jana ilikuwa jana."

"Umelala kwa muda wa saa ngapi?"

"Nne. Au tatu. Nyie mnalala mno, ndiyo maana hamna mawazo."

"Na jana uliniambia nne. Weka mkasi. Karatasi inasema hivyo."

"Karatasi niliandika mimi! Na wewe nimekuajiri mimi!"

"Ndiyo, umeniajiri. Na ukaniapisha nikwambie haya haya, tena ukasema nisikuogope. Nifukuze kesho, bosi wangu. Leo kaa chini."

Tepu akageuka kunitazama mimi. Nilijua yaliyo kwenye karatasi ile, niliisoma zaidi ya mara moja. Nilijua pia kwamba zimebaki siku tisa. Nikasema, "Mama Pacha, mwache afanye kazi. Kata, mwanangu."

Mkasi ulikuwa umeshafunguka juu ya kitambaa. Hakuufunga.

"Mama, tangu nizaliwe unaniambia ngoja. Ngoja chai ipoe, ngoja ukue, ngoja wageni waondoke. Leo unaniambia kata?"

"Watu watasema umeshindwa."

"Watu gani?"

Nikamtaja jirani.

"Yule wa chini? Ambaye nimempanulia kiuno cha sketi mara tatu, na kila mara anadai ni kitambaa kinasinyaa?"

Mama Pacha alicheka mpaka akaegemea mlango. Tepu naye alicheka, kisha machozi yakamtoka hapohapo. "Najisikia naweza kuzimaliza zote kesho," akasema polepole. "Ndivyo nilivyojisikia na yale majora." Akaweka mkasi mezani.

Hakuniomba nipige simu kwa niaba yake. Aliipigia kliniki, kisha mwenyewe akampigia matroni wa chuo, aliyeagiza sare.

"Matroni, ni fundi hapa. Nina baipola. Sijaanguka, ila naona ninakoelekea, na nina utaratibu wa kufuata. Sare thelathini utazipata kwa wakati. Thelathini nyingine mpe fundi mwingine leo, bado ni mapema."

Matroni ni mtu asiyehitaji simu ili asikike, kwa hiyo jibu tulilisikia sote. "Fundi, mimi watu hunipigia mambo yakishaharibika. Wewe ndiye wa kwanza kunipigia kabla. Thelathini, sawa. Sasa nenda hospitali."

Alikwenda. Daktari aliongeza dawa ya kumtuliza na kumrudishia usingizi, na mshauri alimwona mara mbili wiki ile. Mama Pacha ndiye aliyekata vitambaa. Siku ya sita Tepu alirudi dukani kwa nusu siku, akashona kola tu, na saa saba mchana akafunga na kwenda nyumbani bila kubishana na mtu. Hakulazwa. Miaka ya nyuma tulikuwa tunatambua kitambaa kikishaharibika. Safari hii alitambua mwenyewe, kitambaa kikiwa kizima mezani, na mama yake mzazi akimhimiza akate.

Sare thelathini zilifika siku moja kabla ya mahafali. Nilikwenda kuzitazama, nikasimama nyuma kabisa ya ukumbi. Zile thelathini za fundi mwingine nilizitambua kwa mbali. Sisemi lolote juu ya mikono ya mtu, ila kola ya kusimama inapaswa kusimama.

Wiki iliyofuata mshauri aliniomba niingie nikae nao, Tepu akiwa ameshakubali. Aliniuliza swali moja: "Mama, uliposema kata, ulikuwa unaogopa nini?" Nilikaa mle saa nzima. Nimerudi mara mbili, kwa hiari yangu.

Nimeshaulizwa na zaidi ya mtu mmoja nilijibu nini. Ugonjwa nimeueleza. Habari ya sare nimeieleza. Kosa langu nimeliandika kwa mkono wangu, asije mtu akalitembeza kama siri aliyoifukua. Jibu nililompa mshauri lilisikiwa na binti yangu, aliyestahili kulisikia. Wengine sina la kuwaambia.