Sikuuliza Mnapikia Nini

Baridi ya Nyeri ya mwezi wa saba haibishi hodi. Mimi ni mtu wa magharibi, nimelelewa kwenye joto, na tangu niletwe kufundisha huku nimeigombeza kama jirani mbaya. Nyufa zote za dirisha nilizijaza magazeti. Chini ya mlango nikalaza taulo. Na nikimaliza kupika, meko ya gesi sikuizima. Niliiacha iwake, mimi na binti yangu wa miaka saba tuote moto, naye akimaliza kazi ya shule ndipo naizima.

Niliiringia ile gesi, wacha tu. Mwenye nyumba wetu, mama mtu mzima ninayemwita shosho, alipikia makaa verandani, amejifunga leso mbili na kofia ya sufu. Nilimtania kila jioni: "Shosho, nunua gesi. Huo moshi utakumaliza."

"Mwalimu, mimi niko na moshi lakini pia niko na upepo," alinijibu. "Wewe uko na nini? Ati baridi! Fungua dirisha hiyo."

Nilicheka. Nyani haoni kundule.

Binti akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, kifua kikipiga filimbi. Nikalaumu mlima. Nikalaumu sweta jepesi la shule, vumbi la chaki, uji uliopoa. Kila nilipolaumu kitu niliongeza gazeti dirishani. Mwishowe nikampigia mama yangu simu, nimesimama pale pale karibu na meko, nikamwambia baridi itaniulia huyu mtoto, mwezi ukiisha namleta akae kwako. Nilisema huku nalia. Sikuwa na mtu mwingine ndani ya ile nyumba ila binti, na bado nilikuwa namtoa. Yeye alikuwa mezani anachora.

Hospitalini, daktari, mwanamke kijana ambaye juzi juzi angekuwa mwanafunzi wangu, alimsikiliza kifua kisha akaniuliza, "Mnapikia wapi?"

"Gesi," nikasema kwa maringo. "Sisi hatutumii makaa."

"Mwalimu, sikuuliza mnapikia nini. Nimeuliza mnapikia wapi."

Nikaeleza chumba chetu kimoja. Nikaeleza magazeti. Nikaeleza na kuota moto. Akaniambia gesi haina moshi wa kuonekana, lakini moto wake nao hutoa hewa chafu, na kifua kama hiki hakiwezi kuivumilia ndani ya chumba kilichozibwa. Tena siku moja ingeweza kutulaza sote wawili tusiamke. Akatupa dawa ya kuvuta. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni hiyo niling'oa magazeti kwa kucha. Meko nikaisogeza hadi dirishani, dirisha likiwa wazi kabisa. Shosho alipita, akaona karatasi zimetapakaa sakafuni, akasema "Haiya!" tu, kisha akatuletea blanketi zito.

Siku ya kwanza binti hakukohoa. Ya pili, kimya. Ya tatu nikampigia mama yangu nikiwa na furaha ya kupiga kelele, nikamwambia dirisha limetuponya, pengine mtoto haji tena. Ya nne, Jumamosi asubuhi, nilitoka kuanika nguo nikamkuta nyuma ya tangi la maji, amechuchumaa, mkono wa sweta ameushindilia mdomoni, mabega yanaruka. Aliponiona macho yakamtoka.

"Sikohoi, mama," akasema. "Sijakohoa. Usinipeleke kwa nyanya."

Niliketi pale pale kwenye tope, nguo mbichi zikiwa mapajani. Kumbe yule mtoto alikuwa ameisikia simu yangu yote, akaamua kujitibu mwenyewe kwa sweta.

"Kohoa, mwanangu," nikamwambia. "Kohoa tu. Huendi popote."

Alinitazama kwanza, apime kama namdanganya. Kisha akakohoa, muda mrefu, mpaka machozi yakatutoka sote.

Sasa hatupiki dirisha likiwa limefungwa, hata mvua ikinyesha. Napika nimevaa koti na soksi mbili mbili, na shosho hapitishi hata siku moja bila kunicheka. Binti anakohoa mara chache. Nasema hivyo, lakini nitajuaje? Akikohoa, natulia. Akinyamaza ndipo naacha mwiko ndani ya sufuria, nazima meko, natoka nje kumtafuta.