Mgongo wa Rimu

Nina tabia ya kujisifu na sioni sababu ya kuificha. Nikishona gauni likakaa vizuri, namwambia mwenye gauni kabla yeye hajafungua mdomo. Kwa hiyo niseme mapema: Ifakara nzima hakuna gari dogo lenye rimu safi kuliko langu. Mnaopita stendi asubuhi mnaliona limeegeshwa mbele ya kibanda changu cha cherehani, na mnageuza shingo. Nawaona kupitia dirisha.

Gari lenyewe ni kuukuu, nililinunua kwa mwalimu aliyehama. Lilikuja na rimu za chuma zilizoliwa na kutu hadi zikawa na vishimo. Nilipoagiza rimu mpya nne za aluminiamu kutoka Morogoro, watu walinicheka wakasema namvalisha bibi viatu vya harusi. Niliwaacha wacheke. Sababu yangu ilikuwa moja tu: baba yangu alikuwa amekataa kupanda gari lile.

Baba aliendesha lori la mpunga miaka mingi katika bonde hili. Sasa ni mzee, magoti yamegoma na macho yana ukungu, lakini ulimi ni uleule. Siku nilipolileta gari nyumbani alilizunguka mara moja na fimbo yake, akainama kwa shida, akapitisha vidole nyuma ya gurudumu la mbele. Vilitoka vyekundu.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Lakini gari lenye kutu nyuma ya gurudumu silipandi."

Akarudi kukaa. Na wakati huohuo dada yake, shangazi yangu wa Malinyi, alikuwa anapiga simu kila wiki: mleteni kaka yangu nimwone kabla mmoja wetu hajatangulia. Basi la abiria hawezi kupanda, ngazi zake ni ndefu mno kwa magoti yale. Bodaboda ndiyo kabisa usiseme. Gari la binti yake lipo uani, na yeye analigeuzia mgongo.

Mtu wa nje angesema ni ukaidi wa uzee. Mimi nilijua kinachomsumbua, kwa sababu nilizaliwa kando ya barabara.

Wazazi wangu walikuwa wanaishi Malinyi. Mama, Mungu amrehemu, aliposhikwa na uchungu, baba alimpakia kwenye lori kumkimbiza hospitali ya Ifakara, enzi zile mto bado unavukwa kwa pantoni. Baada ya Lupiro, kwenye kalavati moja, tairi la mbele likapata pancha. Baba akapiga jeki, akafungua nati zote, na gurudumu halikutoka. Maji na matope ya misimu mingi yalikuwa yameunganisha chuma na chuma. Alilipiga teke, akalipiga nyundo, akalia. Hayo aliniambia mama, baba hajawahi kuyataja. Wanawake waliokuwa wanatoka kupalilia mpunga walimzungushia mama khanga zao, nikazaliwa hapo. Mama alipoteza damu nyingi sana. Alipona, lakini hakuzaa tena. Ndiyo maana niko peke yangu, na ndiyo maana ukoo mzima hunitania kwamba nilitolewa kwa jeki.

Basi rimu mpya zilipofungwa, nikasema hizi hazitaona kutu wala doa. Huku kwetu kulima kukiisha, wazee hupaka jembe na panga nta ya nyuki kabla ya kuvihifadhi, na mwakani unavikuta kama ulivyoviacha. Nikawaza, chuma ni chuma. Nilikuwa na donge la nta nililoletewa na mteja wa Uchindile. Nikaliyeyusha na mafuta ya taa kidogo, nikapaka rimu zote nne, nene, kama siagi kwenye mkate wa mgeni. Ziling'aa jamani. Nililizunguka gari mara tatu huku naimba.

Kosa la kwanza ni hilo. La pili, siku hiyohiyo nilipeleka mapazia kwa mama mmoja anayekaa nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, na ulikuwa wakati wa mavuno. Anayezijua mashine zile anajua pumba zinavyopepea pale, utadhani mvua ya manyunyu. Breki zikapata moto, nta ikalainika, pumba zikatua. Nilipofika nyumbani na kushuka, rimu zangu zilikuwa zimeota manyoya. Kuku wa jirani alisogea akaanza kudonoa.

Baba aliposikia kuku kwenye gari alikuja. Alipapasa gurudumu, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifundisha, na mimi nimenuna: "Nta ni ya jembe linalolala. Gurudumu halilali, lina moto wa breki muda wote." Akapeleka mkono nyuma. "Na huku hujapaka kitu. Uso umeupamba, mgongo je? Nyumba njema si mlango."

Hapo nikamuuliza wazi: afanyiwe nini ndipo apande? Akafikiri. "Nenda kijijini Mofu wakati wa matope, urudi. Uyaoshe magurudumu kwa maji matupu, bila sabuni, bila kukwangua. Yakitakata mbele na nyuma, nitapanda twende kwa dada yangu."

Kuitoa ile nta ilinichukua siku mbili, maji ya moto na mswaki. Nilikula chakula changu chumbani siku zote mbili, kwa hasira. Lakini mimi nikinuna ndiyo nafanya kazi vizuri. Nilikwenda kwenye duka la vipuri, nikauliza dawa ya kufunika rimu, ile inayokauka kabisa isinate. Muuzaji akanipa chupa ndogo, akasema, "Mama, wewe paka tu, itang'aa." Nikavaa miwani nikasoma maandishi yake yote pale pale kaunta. Rimu iwe imeoshwa kwa sabuni laini, ikauke, iwe ya baridi, iwe kivulini. Upake kidogo sana kwa kitambaa laini, usubiri, ufute, kesho yake urudie. Nilicheka. Hayo ni masharti ya kupiga pasi hariri: kitambaa safi, mkono mwepesi, na usiwe na papara. Nimefanya hivyo miaka ishirini, nani wa kunifundisha?

Nikafunga kibanda. Nikavua magurudumu mwenyewe, moja moja, nikayalaza juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, juu ya shuka kuukuu. Wateja walichungulia wakaniuliza kama sasa nashonea magari sketi. Nilikata flaneli iliyobaki kwenye nguo za watoto wachanga, nikapaka mgongo kwanza, uso baadaye, nikaingiza kidole chenye kitambaa kwenye kila tundu na kila kona. Pale rimu inapokutana na chuma cha gari sikuweka dawa. Nilisugua kutu kwa brashi ya waya nikapaka grisi kidogo, kama nilivyomwona baba akifanya tangu nikiwa mdogo. Kesho yake nikarudia yote. Nilipokaza nati ya mwisho nilikuwa nimechoka, lakini nilijiona mtu.

Mofu nilikwenda masika yalipofika, mwezi wa nne, kupeleka sare za kwaya. Njia ilikuwa uji mweusi. Karibu na kijiji nikasimamishwa na kundi la ng'ombe wa Wasukuma, mamia, wakavuka taratibu wakiniachia na mavi yao njiani nipite juu yake. Mchungaji wao akanipungia mkono akasema, "Pole mama, gari limeoga." Nikamjibu bado halijaoga, ndio kwanza linapakwa sabuni.

Nyumbani nilichota maji ndoo nne. Baba akaletewa kiti. Nikamwaga ndoo ya kwanza, na hapa naomba mniruhusu nijisifu tena: matope yaliporomoka yenyewe. Yaliteleza kama uji kwenye jani la mgomba, na chini yake rimu ikatokea na rangi yake ya fedha. Gurudumu la kwanza, safi mbele na nyuma. La pili, safi. La tatu, safi. Nilikuwa nimeanza kupiga vigelegele kimoyomoyo.

Kwenye gurudumu la nne, la nyuma kushoto, vidole vya baba vilisimama. Alikwangua kwa ukucha, akanionyesha. Tope limeganda, upana wa kiganja.

"Hapa ulichoka," akasema.

Na kweli nilikuwa nimechoka pale. Lilikuwa gurudumu la mwisho. Lakini nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kumwonyesha baba yangu. Nikatupa ndoo. Nikamwambia, "Baba, shangazi anakungoja. Kama hutaki kupanda gari langu, sema hutaki, usinitese kwa kiganja cha tope."

Nilikwisha kujuta, nikawa natafuta maneno ya kuomba radhi. Ndipo akasema, bila kunitazama: "Lile lori langu ndilo lililokuwa linang'aa kuliko yote bondeni. Watu walilijua kwa mbali. Kila Jumamosi nilikuwa nakwenda mtoni kuliosha magurudumu." Akafuta vidole kwenye suruali. "Uso tu. Nyuma nani angeona?"

Miaka yote nilidhani baba ana chuki na kutu. Kumbe alikuwa na chuki na yule kijana mwenye lori la kung'aa. Niliona uchungu, nikaona na aibu ya ndoo yangu. Nikaiokota. Nikaleta jeki, nikavua gurudumu lile mbele yake, nikaliosha, nikaliacha likauke. Baba akashika chupa ya dawa. Kila niliponyoosha kitambaa alikidondoshea tone moja, moja tu, akisema, "Usizidishe." Tulirudia kesho yake.

Wiki iliyofuata nilimkuta asubuhi amekaa kiti cha mbele, amevaa koti lake la kanisani, mkanda ameshafunga. Nilisema shikamoo, akaitika marahaba, nikawasha gari.

Tulivuka daraja. Alitazama maji chini mpaka yakaisha, akasema tu kwamba pantoni ilikuwa upande ule. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha madimbwi, na niliyapita polepole kama mtu aliyebeba mayai. Kabla ya Lupiro akanigusa mkono.

"Simama hapa."

Ilikuwa kalavati. Njia ile ina makalavati mengi, mimi nisingelitambua. Nilishuka nimsaidie akakataa. Akaja na fimbo yake hadi gurudumu la mbele, akainama, akanyoosha mkono nyuma ya rimu hadi kiwiko kikapotea. Nilikuwa nimesimama pale nilipozaliwa, mwanamke mzima mwenye mvi, kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Alipotoa mkono vidole vilikuwa na tope laini, bichi. Akavisugua pamoja, lote likatoka. Hakukuwa na wekundu.

"Gurudumu hili lingetoka," akasema.

Nililia, sina haja ya kuficha hilo pia. Yeye alingoja nimalize, akapanda, akafunga mkanda wake.

Malinyi shangazi alitoka nje anachechemea, mikono ameinyoosha, machozi tayari. Baba alimkumbatia, lakini salamu hata haijaisha alishamvuta mkono kumleta upande wa gurudumu.

"Dada, inama," akamwambia. "Pitisha kidole huku nyuma. Kazi ya mwanangu hiyo."