Kila nikienda kuposa, baba wa binti ananipandisha ngome za Wareno

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Muscat, sijatia chumvi hata punje.

Mimi Mwomani, wazee wangu walitokea Tabora. Nauza vipuri vya magari mtaa wa Ghala, na mwezi ujao kazini wananihamishia Salalah, kusini kabisa mwa nchi.

Nampenda Rahma, kwao watu wa Unguja. Mama yake alishafariki, anaishi na baba yake, wawili tu. Akaniambia nikaonane kwanza na mzee, akikubali ndiyo wazee wangu waje kuposa.

Jumamosi ya kwanza nikaingia kwao na dishdasha, kanzu yetu ya Kiomani, imenyooka, maneno nimeyakariri. Sijakaa sawasawa, mzee kashika ufunguo wa gari.

"Mwanangu, ushawahi kuzitazama ngome za Wareno vizuri?"

Masaa matatu! Juani, Muscat ya zamani, nasomeshwa unene wa kuta na matundu ya mizinga. Kila nikisema, "Ami, kuhusu Rahma," ananionyesha tundu jingine.

Jumamosi ya pili hivyo hivyo, minara ya mlimani. Nikalishwa wali na samaki, nikarudi kwangu na elimu ya chokaa ya kuta. Jamani, mimi na chokaa wapi na wapi?

Jumamosi iliyopita ikawa ngome ya Matrah. Ngazi haziishi. Mzee magoti yanamuuma, anapumzika kila hatua tano, na bado anasimulia Wareno!

Uzalendo ukanishinda.

"Ami, niwie radhi, mimi sikuja kuposa ngome! Kama hunitaki, niambie nishuke."

Akakaa kwenye ngazi. Akafuta jasho kwa ncha ya kilemba.

"Nnakutaka, mwanangu. Lakini siku nkisema ndiyo, ntarejea kwenye nyumba tupu. Salalah si karibu. Nkaona bora nkuzungushezungushe, kila nkikuleta huku napata wiki moja zaidi na binti yangu."

Wakuu, hasira ziliniisha pale pale. Nikaona aibu hata kumtazama.

Nikamshika mkono, tukashuka polepole. Kwenye gari akasema, "Walete wazee Ijumaa."

Somo nililopata: mtu akikuzungusha sana, kabla hujafoka muulize anaogopa nini.

Basi nimekubaliwa, na usingizi sipati. Rahma huko kwao anaimba jikoni, hajui baba yake kaniambia nini, na mzee kaniapisha nisimwambie.

Mliooa binti wa pekee mkamwacha mzee wake peke yake, mliwezaje?