Mvua Ilipoingia Darasa la Kompyuta

Siku yangu ya kwanza kufundisha kompyuta katika darasa la kisomo cha watu wazima, pale mtaani Batsinda, Mratibu wa darasa alinionyesha swichi kuu kabla hajanionyesha mashine. Paa lilikuwa linavuja, na kompyuta zote zilipata umeme kutoka waya mmoja uliolazwa sakafuni.

"Mwalimu, wanafunzi usiwaogope," aliniambia. "Ogopa huo waya."

Niliomba aletwe fundi. Akaahidi kumleta.

Wanafunzi walikuwa washonaji na wachuuzi, wengi wao wakubwa kwangu. Walijifunza herufi kwenye kibodi, yaani ule ubao wa vitufe: ukibonyeza M, M inatokea kwenye kioo. Walibonyeza kwa woga, kisha wanarudisha mkono haraka.

Alasiri moja mvua ya radi ilitukuta darasani. Mzee Haruna, fundi cherehani, akaniita taratibu: "Mwalimu, iko maji kwa waya."

Nilipogeuka, Mama Zawadi alikuwa ameshika kasha la chuma la kompyuta yake, na mkono hautoki. Umeme ulikuwa umemnasa. Mdomo wazi, sauti haitoki. Nikataka kumvuta, Haruna akanizuia, maana ningenaswa naye. Nikakimbilia swichi kuu na kuishusha. Nyuma yangu nikasikia mtu anaanguka. Nilishindwa kugeuka, nikijua nimeua mtu. Kisha akakohoa.

Alilazwa hospitali, vidole vimeungua. Waya ulibadilishwa na paa likazibwa, lakini hakuna aliyekuja tena. Batsinda nzima walisema zile mashine zinaua. Mratibu akaniambia juma likiisha bila mwanafunzi, kompyuta zitapelekwa kituo cha Remera.

Siku ya mwisho aliingia Mama Zawadi, mkono umefungwa bendeji. Nilimsihi arudi nyumbani. Akaketi mbele ya kompyuta yake.

"Na mimi naogopa, Mwalimu. Lakini jina langu nimelifikisha katikati."

Akaliandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja, nami nimesimama ukutani, kiganja juu ya swichi. Baada ya siku chache Haruna naye akarudi, kisha wengine.

Sasa nimestaafu, naishi Kabeza. Walimu vijana huniuliza niliishindaje hofu ile. Sikuishinda. Hadi mwisho wa kazi yangu, mawingu yakitanda tu nilizima kila kitu, tukasoma kwa chaki. Wapo walionuna kwamba nawapotezea masomo. Niliwaacha wanune. Wote walirudi kwao wazima.